Ukiizima, Haiwaki

"Arobaini na moja."

Nilisikia sauti kabla sijamwona mtu. Nilikuwa nimeinama juu ya mota, kamba mkononi, jasho machoni, na jua lenyewe lilikuwa halijatoka sawasawa. Niligeuka. Mwanamume alikuwa anapanda kutoka kwenye maji ya kijito, ameloa hadi kifuani, bunda lake kichwani na viatu juu ya bunda.

"Arobaini na moja nini?"

"Mara ulizovuta hiyo kamba. Nimezihesabu toka ng'ambo kule. Ulipofika ishirini nikasema, huyu ataacha. Thelathini, nikasema, huyu ana shida. Arobaini, nikavua viatu."

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nikudokeze kidogo.

Mimi ni Yande Thior. Nina shahada ya jiografia, na mota moja aliyoniachia marehemu baba, nguvu ya farasi kumi na tano, iliyolala stoo miaka miwili chini ya tanga bovu. Boti ya abiria ya kisiwa chetu cha Ndolet imekwenda kusini na wanaume kwa msimu wa samaki. Shangazi yangu Dibor ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wamekuja mjini Foundiougne kwa siku nne, na asubuhi hii ninayoisimulia ndiyo ilikuwa ya nne. Saa sita mchana walikuwa wanafunga orodha na kurudi Dakar, na hakuna aliyejua watakuja tena lini.

Shangazi alikataa kwenda mara mbili. Ni mimi niliyembembeleza wiki nzima. Ni mimi niliyesimama mbele ya wanawake wote wa kisiwa, na maneno yangu ya chuo kikuu, nikasema: nitampeleka mwenyewe, kwa mota ya baba.

Mota ikawa imenyamaza kama ukuta.

Safari ya Foundiougne ni ya saa mbili na nusu. Kijito chetu nacho hakina subira. Maji yanapokupwa, boti hukaa juu ya tope, na hapo huendi popote mpaka jioni. Asubuhi ile mwisho wetu wa kutoka ulikuwa saa tatu. Sasa ilikuwa saa moja kasorobo.

Shangazi alikuwa ameketi pale gatini juu ya beseni lililopinduliwa. Alivaa doti yake nzuri, na kwenye fundo la doti alikuwa amefunga kadi yake ya hospitali, namba thelathini na moja. Alikuwa ameishika tangu alfajiri.

"Unaongea na nani, Yande?"

"Mgeni, shangazi."

"Mgeni ana jina?"

"Naitwa Malang Badji, bibi," mtu yule akasema, akitua bunda lake.

Shangazi akainua kichwa.

"Badji? Yande, ficha sufuria. Mdiola amefika."

"Nimefika, bibi. Nimekuja kukagua watumwa wangu."

"Mtumwa ni wewe, mla wali. Siku mtumbwi wa mabibi zetu ulipokatika katikati, nyinyi mlikwenda kusini na ile nusu yenye chakula."

"Na nyinyi mkabaki na nusu yenye mota mbovu. Tumeshasikia."

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Wiki nzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Sisi Waserer na Wadiola ni watani, watoto wa mabibi wawili ndugu waliotenganishwa na mtumbwi uliokatika. Tunatukanana kwanza, ndipo tunaulizana habari, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Lakini utani una upande wake wa pili: mtani akikukuta kwenye shida, hawezi kupita.

"Wewe umetokea wapi asubuhi yote hii?" nikamuuliza.

"Mimi fundi wa mota kwenye boti ya uvuvi. Nahodha amenishusha mchangani kule. Tumekosana."

"Mmekosana nini?"

"Nilimwambia mota yake itakufa. Akasema mimi namroga."

"Ikawaje?"

"Wakati nashuka ilikuwa inakata roho." Akakunja mikono ya shati. "Mnakwenda wapi?"

"Foundiougne."

"Na mimi huko huko. Haya, nieleze mgonjwa anaumwa nini."

Nilimweleza kwa fahari, nisifiche. Maana nilikuwa nimesoma. Kile kijitabu cha mota nilikuwa nimekisoma kurasa zote, pamoja na zile zilizoliwa na panya. Nilimwambia nimefungua skrubu ya hewa juu ya tangi. Nimepachika kile kidude chekundu ambacho kikitoka mota haiwaki. Nimebinya pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu kama chungwa. Nimevuta choki, nimeirudisha, nimeivuta tena.

"Na inakohoa?"

"Haikohoi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mota isiyokohoa ni moja ya mambo mawili," akasema. "Ama haina chakula, ama haina moto. Nipe spana."

Alifungua plagi ya kwanza, akaitoa. Akafungua ya pili. Akaziweka kwenye kiganja, akaninyooshea bila neno.

Zilikuwa nyeusi, zimeloa, zinang'aa kama chaza aliyetoka kufunguliwa.

"Chakula kipo," akasema. "Kipo mno. Petroli umechanganya wewe?"

"Mimi."

"Oili kiasi gani?"

"Moja kwa hamsini, kama kitabu kinavyosema. Halafu nikaongeza kidogo."

"Kwa nini ukaongeza?"

Nilisita. Shangazi alikuwa anasikiliza.

"Ni mota ya zamani. Niliionea huruma."

Malang hakucheka bado. Alichovya kidole kwenye tangi, akasugua tone kati ya kidole na gumba, akanusa.

"Petroli ulinunua wapi?"

"Hapa hapa, kwa muuza mafuta ya wavuvi."

Sasa ndipo alipocheka. Alikaa chini kwenye tope, akacheka.

"Bibi," akaita, "mtoto wenu huyu alizaliwa hapa kweli?"

"Amezaliwa mikononi mwangu. Kafanya nini?"

"Petroli ya wavuvi inauzwa imeshachanganywa oili. Toka nchi ijue mota. Yeye kaichanganya tena. Halafu kaionea huruma, akaichanganya mara ya tatu."

Naungama hapa, mbele ya wasomaji wote. Hakuna mtoto wa miaka minane kisiwani kwetu asiyejua jambo hilo. Mimi niliondoka na miaka kumi na mbili kwenda kusoma, na mjini petroli huja tupu, basi kichwani mwangu petroli ikabaki tupu. Siku niliyonunua, mwenye kuuza aliniona nimeshika chupa ya oili. Akaniangalia, akaiangalia chupa, akanyamaza. Nafikiri aliona haya kumfundisha mtu mwenye shahada.

"Baba yako angekuwepo," shangazi akasema polepole, "angejificha stoo."

"Mota haitaki huruma, dada," Malang akasema. "Inataka petroli. Hapa kisiwani nani ana petroli tupu, isiyotiwa kitu?"

Nikawaza nyumba moja moja. Kisha shangazi akasema, "Msikiti."

Nilikimbia. Jenereta ya msikiti ndiyo mashine pekee Ndolet inayokunywa petroli tupu, na funguo zake ziko kwa mzee Latir, mwadhini. Nilimkuta mlangoni akifagia.

"Mzee Latir, naomba petroli."

"Hiyo ni ya kipaza sauti. Nikiitoa, adhuhuri watu watasali kwa kukisia."

"Ni kwa ajili ya macho ya shangazi Dibor. Madaktari wanaondoka leo."

Aliacha kufagia.

"Dibor yule aliyekataa kuolewa na mimi?"

"Huyo huyo, mzee."

Akaegemeza fagio ukutani, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Akarudi na galoni.

"Lita kumi. Mwambie adhuhuri nitaadhini kwa koo langu. Na akirudi anaona, aje aone alichokikosa."

Niliporudi gatini ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano, na maji yalikuwa yameanza kuondoka. Pale ambapo Malang alipandia, ukingo wa tope ulikuwa umeshajitokeza, upana wa mkeka.

Malang hakuwa amekaa bure. Alikuwa amelegeza skrubu ya chini ya kabureta na yale mafuta mazito yakachuruzika kwenye kopo. Plagi alikuwa ameziweka juu ya makaa ya jiko la shangazi, zimekauka, anazisugua kwa kipande cha msasa. Shangazi alikuwa anampepelea makaa huku akimwambia kwamba Wadiola wote ni wavivu.

"Mzee Latir anasemaje?" shangazi akaniuliza.

Nikamwambia.

"Hata nilipokuwa naona sikukosa kitu," akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

Tulimwaga nusu ya mafuta yangu, tukajaza petroli ya msikiti, tukatikisa. Malang akachomeka plagi ya juu kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha mota, akaifunika kwa shati lake ili tuone vizuri kwenye giza la kitambaa.

"Vuta."

Nikavuta. Cheche ikaruka, ya buluu, inalia tak.

"Hii nzima. Sasa ya chini. Vuta."

Nikavuta. Cheche ikatoka ya njano, imelegea kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Akabadilisha plagi, ya juu akaiweka chini. Nikavuta. Njano tena.

"Kumbe plagi hazina kosa," akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Vuta tena."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kamba ikaja yote. Nilianguka kitako ndani ya boti, kamba nzima na mpini wake kifuani mwangu, na ndani ya mota kitu kikalia krrr kisha kikatulia.

"Nini hicho?" shangazi akauliza.

Malang aliinama, akachungulia ndani ya mota.

"Nimeuliza nini hicho."

"Kamba imekatika, bibi," Malang akasema. "Na springi yake imekufa."

Nilitazama maji. Ukingo wa tope ulikuwa upana wa mikeka miwili. Nilitaka kulia, na ningelia kama shangazi asingekuwa amegeuza uso wake upande wangu, ananingoja niseme jambo la maana.

"Basi tumekwama," nikasema.

"Nani amekwama?" Malang alikuwa ameshafungua kifuniko chote cha juu. Lile gurudumu zito la mota likabaki wazi, lina mkato ukingoni. "Mota hizi zilizaliwa kabla ya springi. Nipe kamba ya nyavu. Na kama kuna mpira wa baiskeli uliokufa, niletee."

Mpira niliutoa kwenye paa la banda la kuku, ulikokuwa umefungia mabati. Kuku watanisamehe.

Niliporudi nao, Malang alikuwa ameinamia koili ya chini, ile inayotengeneza moto wa plagi. Alinionyesha kwa ncha ya kisu. Ulikuwapo ufa mwembamba kama unywele, umejaa chumvi.

"Cheche inatokea hapa badala ya kwenda kwenye plagi. Inavuja, kama mtumbwi." Akaukwangua ufa, akaukausha kwa kijiti cha moto, akaukata mpira vipande vyembamba, akaifunga koili mzunguko juu ya mzunguko, anakaza kwa meno.

"Itapona?" nikauliza.

"Nyamaza kwanza."

Saa mbili na dakika thelathini na tano alipiga fundo kwenye ncha ya kamba ya nyavu, akalipachika kwenye ule mkato, akaizungusha kamba kwenye gurudumu mara tatu.

"Rudi nyuma. Hii ikikupiga, utaingia orodha ya madaktari wewe."

Akavuta. Kimya.

Akazungusha tena. Akavuta. Mota ikakohoa.

Nakwambia kweli, hakuna wimbo niliowahi kuusikia wenye raha kama kikohozi kile. Shangazi alisimama juu ya miguu yake bila kushikwa.

Mara ya tatu ikawaka. Iliwaka kwa moshi mwingi mweusi, inatetemeka, inapiga chafya, kisha silinda ya pili ikaingia na sauti ikanyooka. Kunguru wote wa mikokoni wakaruka.

"Shangazi, twende," nikapiga kelele. "Twende, twende."

Nikamshika mkono, nikamwongoza hadi ubavuni mwa boti. Maji yalikuwa chini ya magoti. Akaweka mguu mmoja ndani, akasimama. Mguu wa pili hakuuinua.

"Yande. Tutapita Makombe?"

"Hakuna njia nyingine, shangazi."

"Basi niahidi. Tukifika utaizima."

Kisiwa cha Makombe kiko katikati ya mkondo mkubwa, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Mabibi wa mabibi zetu walikilundika kwa makombe ya chaza waliyokula, na ndani ya makombe hayo ndimo walimozikwa wazee wetu wa kwanza. Baba alipoleta mota ya kwanza Ndolet, wazee walimwambia: kitu chako kipite, lakini kisiwapigie kelele waliolala. Tangu hapo, boti ya Ndolet ikifika Makombe huzimwa, watu husalimu, ndipo huwashwa tena.

"Nimepita pale miaka hamsini nikiwaona," shangazi akasema. "Leo siwaoni. Angalau nisikie kimya chao. Sitaki daktari anikate jicho sijawaaga."

"Nitaizima, shangazi."

"Unaahidi?"

"Naahidi. Ingia."

Niliahidi kwa wepesi, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba dawa ni tamu. Akauinua mguu wa pili. Tulisukuma boti mimi na Malang, tope likalia chini yetu, likatushika, likatuachia. Tulitoka mdomo wa kijito saa tatu kasoro dakika kumi.

Nilishika usukani. Upepo ulikuwa mzuri, maji mapana, mota inaunguruma mkononi mwangu, na mimi nilianza kupanga maisha. Niliona boti yangu ikipeleka wajawazito hospitali. Niliona wanafunzi wakivuka bila kungoja msimu wa samaki uishe. Niliona jina la baba limeandikwa ubavuni kwa rangi ya buluu.

Malang alisogea, akaleta mdomo wake sikioni mwangu.

"Dada. Nimemsikia bibi pale. Unataka kuizima hii mahali?"

"Dakika mbili tu. Makombe."

"Sikiliza. Ile koili nimeifunga tu, sijaiponya. Ikiwa baridi, ufa unafumba, inatoa moto. Ikipata joto, ufa unafumbuka. Sasa hivi mota inakwenda kwa sababu inazunguka kwa kasi. Lakini ukiizima ikiwa ya moto, haiwaki."

"Haiwaki kabisa?"

"Mpaka ipoe. Saa nzima. Labda na zaidi."

Nilipiga hesabu. Sikutaka, lakini nilisoma, na hesabu hujipiga zenyewe. Tungefika Foundiougne saa tano na dakika ishirini, kisha kumpandisha shangazi kutoka gatini mpaka hospitali kwa miguu. Orodha ingefungwa saa sita. Hatukuwa na saa nzima. Hatukuwa hata na nusu yake. Na maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu. Boti isiyo na mota pale katikati haingoji mahali; inachukuliwa kurudi kule yanakokwenda maji, baharini.

"Makasia tunayo?" Malang akauliza.

"Moja."

Akalisogeza karibu na magoti yake.

Makombe ikatokea upande wa kushoto, nyeupe, inapofua macho kwenye jua. Ikawa inakua. Niliweza kuona miti yake midogo, kisha ndege juu ya miti, kisha makombe yenyewe, moja moja, kwenye ukingo wa maji.

Shangazi alikuwa mbele kabisa, uso kwenye upepo, kibuyu kidogo cha maziwa kati ya magoti yake.

"Yande. Tumefika Makombe?"

Tulikuwa sambamba nayo kabisa. Ningeweza kurusha jiwe likatua juu ya wazee.

"Bado, shangazi," nikasema.

Neno lenyewe lina herufi nne.

"Haya," akasema. "Utaniambia. Leo macho yangu ni wewe." Akarudisha mkono wake juu ya kifuniko cha kibuyu, akakaa vile vile, ameandaa uso wake kama watu wanavyouandaa kabla ya kubisha hodi.

Nilimtazama Malang. Nilitaka anitukane. Nilitaka aseme Waserer ni waongo toka mtumbwi ulipokatika, nicheke, nipite. Alikuwa ameugeuzia uso upande wa kulia, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama ila maji.

Nilijitetea kichwani. Wafu hawana haraka. Madaktari wanaondoka. Kesho kutwa tutarudi njia hii hii, na shangazi atawasalimu akiwaona. Yote yalikuwa kweli. Ningeweza hata kumwambia yote hayo wazi wazi, nikamwomba aniachilie ahadi yangu. Sikumwambia kwa sababu niliogopa jibu lake. Basi nilichagua kumdanganya mtu asiyeona, kwa sababu haoni.

Na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka apate kuona.

Makombe ilikuwa imeanza kubaki nyuma. Niligeuza usukani. Boti ikalala ubavu, ikazunguka, Malang akashika ukingo.

"Shangazi, nimekudanganya."

Hakugeuka.

"Tupo Makombe. Tulipokuwa tunaongea tulikuwa hapa hapa, nikakwambia bado. Fundi anasema nikiizima mota haitawaka mpaka ipoe. Itakapopoa, madaktari watakuwa wameondoka."

Mota iliunguruma.

"Malang," shangazi akaita. Si mtumwa, si mla wali. "Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

"Una hakika?"

"Mota sizioni moyo, bibi. Lakini koili hiyo naijua."

Akatikisa kichwa taratibu. Kidole gumba chake kilikuwa kinapapasa lile fundo la doti, penye kadi.

"Yande. Uliniahidi ama hukuniahidi?"

"Nilikuahidi."

"Basi hilo ni lako. Mimi langu ni kusalimu."

Nilisubiri aongeze neno. Nilisubiri aseme, lakini mwanangu, endelea tu. Hakusema. Na nikaelewa kwamba hataniachilia, wala hatanilazimisha, na kwamba akifika mbele ya daktari kwa njia ya ile "bado" yangu, nitakuwa nimempeleka mtu mwingine, si yule aliyeingia botini kwa sababu aliniamini.

Nilielekeza boti kwenye ile nyeupe ya Makombe. Nilihakikisha tuko karibu, karibu mno, mpaka niliona kaa wakikimbilia mashimoni.

Nikaizima.

Sikuwahi kujua jinsi kimya kilivyo kikubwa. Kilitufunika. Nikasikia maji yakilamba ubavu wa boti. Nikasikia koili, au chuma kingine humo ndani, kikitoa mlio mdogo wa kitu cha moto kinachoanza kupoa, tik, tik. Niliweka kiganja juu ya mota nikakiondoa upesi. Iliunguza.

Malang alikuwa ameshazungusha kamba kwenye gurudumu, mara tatu, na ncha yake ameiviringa mkononi. Nilimwashiria avute. Akakataa kwa kichwa. Akanionyesha shangazi kwa kidevu.

Shangazi alifungua kibuyu. Akamwaga maziwa kidogo majini, na yale maziwa hayakukaa mahali. Yakavutwa kuelekea baharini, mstari mweupe mwembamba, na boti yetu ikaanza kuufuata.

Kisha akainua uso wake, akawasalimu, mmoja mmoja, kwa jina, kama unavyoita watu nyumbani kwao. Baada ya kila jina alinyamaza, akiwapa nafasi ya kuitika. Hakuharakisha hata mmoja.

Majina yalikuwa mengi.